Sahani Isiyo na Jina: Dorothy Masuka na Sisi Wazawa wa Wasafiri

Ndugu zangu wasomaji, watoto na wajukuu wa wasafiri,

Wengi wenu mmezoea kukuta hapa habari za nasaba: nani alitoka Shihr, nani aliteremka Lamu, nani alioa Mombasa na nani akaishia Zanzibar. Leo naomba radhi, kwani nitasimulia maisha ya mtu asiye na damu moja nasi. Ni mwanamke aliyezaliwa Bulawayo, akavuma Johannesburg, akafukuzwa na kutangatanga miaka 31, kisha akarudi kufia mji ule ule uliomfukuza. Jina lake ni Dorothy Masuka. Nimeona nimwandike kwa sababu sauti yake ilikuwamo nyumbani kwetu kabla mimi sijazaliwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeijua kuwa ni yake.

Kasha la bibi

Nyumbani kwa bibi yangu mzaa baba, Kibokoni, Mombasa, palikuwa na kasha la mvule lililofungwa kwa kufuli ya shaba. Ndani yake hamkuwa na dhahabu. Mlikuwa na sahani za santuri, zile nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika, kila moja imefungwa gazeti kuukuu ili zisikwaruzane. Zilikuwamo za Siti binti Saad, za Umm Kulthum na za filamu za Kihindi. Nyingi bibi alizijua kwa jina la mwimbaji, kwa mwaka alioinunua, hata kwa harusi ambayo ilipigwa kwa mara ya kwanza.

Moja tu ilikuwa yatima. Karatasi yake ya katikati ilikuwa imeliwa na unyevu, yakabaki mabaki ya herufi na neno moja zima: Johannesburg. Sahani hiyo aliileta ndugu yake bibi, aliyekuwa serahangi katika meli zilizopita Beira na Lourenço Marques hadi Durban. Ilipowekwa kwenye gramafoni ilitoka sauti ya msichana, changa lakini yenye uzito, ikiimba kwa lugha ambayo tulidaka neno mojamoja na kupoteza mengine. Sisi watoto tuliipenda kwa mdundo wake. Watu wazima waliipenda kwa sababu nyingine, maana mara nyingi niliwaona wakinyamaza ilipofika mwisho.

Nyumbani tuliuita “ule wimbo wa kwa Makaburu.” Afrika Kusini yote kwa wazee wetu ilikuwa “kwa Makaburu,” na kitu chochote kilichotoka huko, iwe blanketi, kopo la samaki au wimbo, kilibeba jina hilo. Sikuona kosa lolote katika jina hilo mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Nilihamia Johannesburg miaka michache baada ya uchaguzi wa 1994, nikapanga Mayfair, mtaa ambao hata leo ukipita jioni utasikia Kisomali, Kigujarati, Kiarabu na Kiswahili kabla hujafika mwisho wa barabara. Bibi alikuwa amekwisha fariki, na kasha limegawanywa. Sahani yatima ilinifikia mimi, pengine kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Siku moja nikaichukua hadi kwa mzee mmoja aliyeuza sahani kuukuu katikati ya mji. Nikamwambia kwamba nadhani huyu ni Miriam Makeba, maana wimbo wenyewe niliwahi kuusikia kwa sauti ya Makeba. Mzee akaiweka, akasikiliza kidogo tu, akaitikisa kichwa.

“Huyu si Miriam,” alisema. “Huyu ni Dorothy. Wimbo ni wake mwenyewe. Na karibu wote aliouimba ulikuwa wake mwenyewe.”

Kuanzia siku hiyo nilianza kuitafuta habari ya Dorothy kama ninavyotafuta habari ya babu aliyepotea baharini.

Binti wa watu waliohama

Dorothy Masuka alizaliwa tarehe 3 Septemba 1935 katika mji wa Bulawayo, uliokuwa katika koloni la Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Baba yake alikuwa mpishi wa hoteli, mtu wa asili ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mama yake alikuwa Mzulu. Tangu kuzaliwa, basi, binti huyu alikuwa mtoto wa mipaka mitatu, na mipaka yote ilichorwa na watu wengine. Msomaji mwenye babu wa Hadhramaut, bibi wa Kibajuni na pasi ya Uingereza au Kanada atalielewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Alipokuwa na miaka kumi na miwili wazazi wake walimpeleka Johannesburg, kwa sababu za afya na za masomo, akaingia shule ya bweni ya Kikatoliki. Johannesburg nayo ni mji wa wahamiaji kwa asili. Kabla ya kugunduliwa dhahabu ya Witwatersrand mwaka 1886 hapakuwa na mji pale. Palikuwa na majani na mawe. Kilichoujenga ni gari moshi lililoleta wanaume kutoka Msumbiji, Nyasaland, Basutoland na Rhodesia kwenda kuchimba chini ya ardhi. Walileta ngoma zao na zeze zao, wakakuta vinanda vya makanisani na sahani za Wamarekani weusi. Katika vilabu vya pombe vya uchochoroni vyote vilichanganyika, ukazaliwa muziki ulioitwa marabi, na baadaye jazi ya Johannesburg yenyewe.

Msichana wa Bulawayo aliyasikia hayo kupitia ukuta wa bweni. Alimpenda Ella Fitzgerald kwa sahani, na alimpenda Dolly Rathebe kwa sababu Dolly alikuwa mtu wa hapo hapo. Mwaka 1949 Dolly alikuwa ameimba katika filamu iliyosimulia habari za kijana wa shamba anayefika Johannesburg kutafuta kazi, na wasichana weusi wakaona kwa mara ya kwanza mwenzao katika pazia la sinema. Watawa walikuwa na mpango wao kwa Dorothy, lakini Dorothy alikuwa na wake. Alitoroka shule kwenda kuimba na kikundi cha wanaume huko Durban. Alirudishwa. Akatoroka tena, safari hii hadi kwao Bulawayo, akajiunga na waimbaji wa huko.

Nikifika hapa kila mara namkumbuka Siti. Naye alitoka Fumba, binti wa watu maskini, akiuza vyungu mjini, hadi sauti ikamfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi. Wote wawili walivuka mpaka kwa sauti. Tofauti ni kwamba Siti alimpata Shaaban Robert wa kumwandikia wasifu. Dorothy katika lugha yetu hakumpata mtu.

Wimbo uliotungwa garini

Johannesburg ilikuwa na kampuni ya kurekodi iliyoitwa Troubadour, na mtafuta vipaji wake alikuwa Cuthbert Matumba, Mwafrika mwenye sikio kali na akili ya biashara. Ndiye aliyemrudisha Dorothy mjini. Inasimuliwa kwamba ndani ya gari moshi, kati ya Bulawayo na Johannesburg, binti yule alitunga wimbo “Hamba Nontsokolo.” Neno hilo limebeba maana ya mhangaiko, na wimbo unauambia mhangaiko uondoke ukaende zake. Ulitoka mwaka 1953, ukawa ndio kitambulisho chake mpaka kifo. Alikuwa hajatimiza miaka ishirini.

Ni vyema tukaelewa namna kazi ile ilivyofanywa, kwa sababu ndani yake ndimo lilimokuwamo kosa lililokuja kumdhulumu. Troubadour ilisifika kwa kasi. Jambo likitokea mjini, bei ya nauli ikipanda au mtu maarufu akikamatwa, wimbo ulitungwa, ukarekodiwa na kutiwa kwenye sahani kwa muda mfupi, watu wakaununua habari ikiwa bado moto. Magazeti ya serikali hayakuandika habari ya mtu mweusi, sahani iliandika. Kwa hiyo mtunzi aliyejua kutunga haraka alikuwa na thamani kubwa, na Dorothy alikuwa hodari kuliko wengi. Lakini desturi ya enzi ile ilikuwa kumlipa mwanamuziki mweusi kwa mkupuo, siku ya kurekodi, naye akaondoka. Wimbo ulibaki mali ya kampuni. Ukivuma miaka hamsini, yeye alikuwa amekwisha kula chakula chake cha siku moja.

Sifa hata hivyo alipata. Alizunguka nchi na onyesho la African Jazz and Variety pamoja na wale aliowahusudu akiwa mtoto, na picha yake ilipamba majarida yaliyosomwa na watu weusi wa mijini. Wengi humwita mwimbaji wa jazi. Mimi nikizisikiliza zile sahani nasikia bluzi: mtu mmoja anasimama, anaitaja shida kwa jina lake, anaichezea kidogo, hailii machozi, na anapomaliza shida bado ipo lakini haiogopwi tena kama mwanzo. Wazee wa Kibokoni waliokuwa wakinyamaza mwisho wa sahani, nadhani hicho ndicho walichokisikia, ingawa lugha hawakuijua.

Harakisha, mama

Wimbo wa sahani yetu ni “Khawuleza,” neno ambalo maana yake ni harakisha. Habari yake ni hii. Chini ya sheria za wakati ule Mwafrika hakuruhusiwa kupika pombe na kuiuza, lakini mama mjane au mama mwenye mume aliye migodini hakuwa na njia nyingi za kulisha watoto. Alipika usiku na kuificha mchana. Polisi walipoingia mtaani, watoto waliokuwa wakicheza njiani ndio waliokuwa walinzi: walipiga kelele kumwambia mama aharakishe, afiche, akimbie, asikamatwe. Dorothy aliichukua sauti hiyo ya mtoto akaifanya wimbo. Kwa hiyo ule mdundo tuliokuwa tukiuruka sisi watoto wa Mombasa ulikuwa ni hofu ya watoto wenzetu.

Alitunga pia wimbo uliomtaja Dakta Malan, waziri mkuu aliyeingia madarakani mwaka 1948 na kuanzisha utawala wa ubaguzi uliopangwa kisheria. Wimbo ulisema kwamba sheria za Malan ni ngumu. Ulipigwa marufuku.

Sheria zenyewe hazikuwa za nadharia. Ile ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 iliamua kila rangi ikae wapi. Tarehe 9 Februari 1955 polisi kwa mamia waliingia Sophiatown, mtaa wa waandishi na wanamuziki, wakaanza kuwapakia watu kwenye malori kuwapeleka Meadowlands. Nyumba zilibomolewa, na mtaa ukapewa jina jipya la Triomf, yaani ushindi. Miaka ya 1970 zamu ikawa ya Fietas, hatua chache kutoka ninapokaa, ambako maduka ya Waislamu ya mtaa wa Kumi na Nne yalifungwa na wenyewe kupelekwa Lenasia, mbali na mji. Nikipita Fietas leo naona viwanja vitupu ambavyo nyasi zimeota mahali pa sebule.

Sahani zilizochukuliwa

Mwezi Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa Katanga. Habari ilipofika kusini, Dorothy alifanya alichokuwa akifanya siku zote: alitunga wimbo wa habari. Aliuimba, ukarekodiwa. Polisi wa usalama walifika katika kampuni, wakachukua rekodi mama pamoja na nakala walizozipata, wakaziharibu. Mwenyewe alikuwa Bulawayo wakati huo. Alipata ujumbe kwamba asirudi.

Hakurudi kwa miaka 31.

Hebu tulizingatie jambo hili sisi tunaokusanya habari za kale. Mtu anapofukuzwa huwa tunahesabu kilichoonekana: nyumba, duka, shamba. Dorothy alikuwa na miaka ishirini na mitano, na kilichochukuliwa kwake ni kitu kisichoshikika. Alinyang'anywa wasikilizaji wake. Mwimbaji wa mji mmoja aliyezuiwa kuingia mji huo ni sawa na nahodha aliyezuiwa bahari. Wakati yeye hayupo Johannesburg iliendelea kuimba. Miaka ya 1960 ikaja na vikundi vipya, miaka ya 1970 ikaleta muziki wa soul uliotoka Marekani, vijana wa Soweto wakauchukua na kuufanya wao. Kizazi kikakua ambacho hakikuwahi kumwona.

Safari zake baada ya hapo ni ramani ya ukombozi wa Afrika. Aliishi Malawi, kisha Tanzania. Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa mji wa wakimbizi wa siasa. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa hapo mwaka 1963, na vyama vya Afrika Kusini, Msumbiji, Angola na Rhodesia vilikuwa na ofisi zao mjini humo. Dorothy aliimba kwa ajili ya harakati hizo. Ninapofikiria kwamba mwenye sauti ya sahani yetu alikuwa pwani ile ile ya Waswahili, mwendo wa siku moja kwa basi kutoka kwenye kasha la bibi, na sisi tukiendelea kumwita “wa kwa Makaburu,” naona haya kidogo.

Mwaka 1965 alirudi Bulawayo. Mwezi Novemba wa mwaka huo serikali ya walowezi chini ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wake, na mwimbaji aliyeshirikiana na wapigania uhuru hakuwa na usalama tena. Akakimbilia Zambia, nchi ya asili ya baba yake. Huko alifanya kazi ya mhudumu wa ndege. Mwanamke ambaye alikuwa akijaza kumbi alipita kati ya viti akigawa chai, na sidhani kama abiria wengi walimtambua. Aliendelea kuimba alipopata nafasi, lakini riziki ilitoka kwenye sinia.

Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980 alirudi kwao. Na mwaka 1992, Nelson Mandela akiwa ametoka gerezani na sheria kuu za ubaguzi zikiwa zimefutwa, alirudi Johannesburg. Alikuwa amekwenda akiwa binti, akarejea akiwa mwanamke anayekaribia miaka sitini, ambaye vijana walimwita Shangazi Dot.

Wimbo wenye mabawa, mtunzi asiye na jina

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Miriam Makeba aliondoka Afrika Kusini mwaka 1959, akafungiwa mlango mwaka uliofuata, akawa sauti ya bara zima. Alibeba nyimbo za nyumbani, na miongoni mwazo zilikuwamo za rafiki yake Dorothy. “Khawuleza” aliiimba Ulaya na Marekani. Simlaumu Makeba hata chembe. Bila yeye wimbo ule ungebaki katika makasha machache kama la bibi yangu. Lakini kadiri wimbo ulivyopaa ndivyo jina la mtunzi lilivyobaki chini, mpaka hata mimi, niliyekuwa na sauti ya mtunzi mwenyewe mkononi, nikaiita ya Makeba.

“Pata Pata” ni mfano mwingine. Ulivuma Marekani mwaka 1967, lakini mdundo wake ulikuwa ukichezwa katika mitaa ya Johannesburg tangu miaka ya 1950, na Dorothy alikuwa miongoni mwa walioubeba wakati huo. Hata sahani aliyoitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliiita kwa jina hilo. Pwani kwetu tuliamini kabisa kwamba wimbo ni wa Kiswahili, na ndara za mpira tukaziita patapata. Kumbe kwa lugha ya wenyewe maana yake ni gusagusa.

Kabla hatujawaonea huruma watu wa kusini, tujitazame. Makeba huyo huyo ndiye aliyeifikisha “Malaika” kwenye kumbi za dunia, akaiimba na Harry Belafonte katika sahani ya mwaka 1965. Nani aliitunga? Waulize Wakenya watakutajia Fadhili William, aliyeirekodi. Waulize wengine watakutajia Adam Salim. Nyumba ya Grant Charo ina neno lake. Wimbo unaoimbwa na watalii katika kila hoteli ya pwani, na sisi wenyewe hatukubaliani mtunzi ni nani, wala hatuna hakika nani alikula matunda yake. Hilo halikufanywa na polisi wa usalama. Limefanywa na uzembe wa kutoandika.

Na jina ambalo hukuandika mwenyewe utaandikiwa na mwingine. Huko Durban ipo jamii inayoitwa Wazanzibari. Wahenga wao wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa na Waingereza, wakapitia Zanzibar, wakashushwa Natal kuanzia mwaka 1873 kufanya kazi. Walishika Uislamu na lugha yao, wakajenga maisha yao King's Rest. Serikali ya ubaguzi ilipokuja kupanga watu kwa mafungu haikujua iwaweke wapi, ikawaandika chini ya Waasia wengine, kisha ikawahamishia Chatsworth. Wamakua wakaitwa Wazanzibari, Wazanzibari wakawa Waasia. Nasi wimbo wa mama wa Kiafrika anayemkimbia polisi wa Makaburu tukauita wa Makaburu. Nia zetu na za serikali ile hazilingani, najua. Lakini matokeo kwa mwenye jina yanafanana.

Nilichoahirisha

Baada ya kurudi, Dorothy hakukaa kitako. Alirekodi upya, alipanda majukwaani hadi uzeeni, na Afrika Kusini ilimtunukia Nishani ya Ikhamanga, inayotolewa kwa wenye mchango katika sanaa na michezo. Alikuwa akiishi katika mji huu ninaoishi. Mzee wa sahani kuukuu aliniambia zaidi ya mara moja, “Nenda kamsikilize, bado anaimba.” Nami nikasema nitakwenda. Palikuwa na kazi, palikuwa na watoto, palikuwa na mvua, palikuwa na mwezi ujao. Nilikusudia nimpelekee ile sahani aione, nimwambie ilikolala miaka yote hiyo, nimwambie kwamba alipokuwa amefungiwa mlango Johannesburg palikuwa na vikongwe Mombasa waliokuwa wakinyamaza wakimsikiliza. Nadhani angefurahi kulijua hilo.

Tarehe 23 Februari 2019 Dorothy Masuka alifariki dunia hapa Johannesburg, akiwa na umri wa miaka 83. Habari nilizisikia redioni nikiwa garini. Sahani ilikuwa nyumbani juu ya kabati.

Ni kosa lile lile nililolifanya kwa bibi. Naye sikumwuliza serahangi aliinunua wapi sahani ile: Durban bandarini, au kwa baharia mwenzake, au alipewa zawadi na mtu ambaye hatukutajiwa? Kwa nini mtu asiyejua Kizulu alibeba kitu kizito na chepesi kuvunjika safari nzima ya bahari? Walikuwapo waliojua, nami nilikuwa na muda.

Ndugu zangu, polisi wa 1961 walidhani wakivunja sahani wamevunja wimbo. Kwa “Lumumba” walifaulu kwa sehemu kubwa. Kwa nyimbo nyingine walishindwa, kwa sababu zilikuwa zimekwisha toka: ziko Bulawayo, Lusaka, Blantyre, na moja iko ndani ya kasha la mvule Kibokoni, imefungwa gazeti. Nyumba za wahamiaji ni maktaba ambazo hazina mlinzi. Tumehifadhi vitu ambavyo wenyewe walinyang'anywa, na mara nyingi hatujui kuwa tumevihifadhi.

Kwa hiyo naomba jambo dogo kwa kila mmoja wenu. Kabla ya Ijumaa ijayo lifungue kasha la nyumbani kwenu, liwe la mvule au la plastiki. Itoe picha moja, kanda moja au sahani moja. Mpigie simu mzee aliyebaki, umuulize: huyu ni nani, hii ilitoka wapi, nani aliileta? Kisha chukua kalamu, uandike jina nyuma.

Ya kwetu nimekwisha iandika. Nimekata karatasi ya mviringo nikaibandika pale ilipoliwa na unyevu. Imeandikwa kwa mkono: “Khawuleza.” Umetungwa na kuimbwa na Dorothy Masuka, Johannesburg. Na chini yake, kwa herufi ndogo, nimeandika jina la serahangi.

Wasalaam.